Risasi gani? Kisa cha Owino Uhuru vile tulivyokizungumza redioni

Ijumaa tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ilitoa uamuzi wake kuhusu Owino Uhuru, na Jumamosi usiku saa mbili sisi tukawa hewani na kipindi chetu cha haki na mazingira. Redio yetu ni ndogo, ya jamii, hapa Pwani, watangazaji karibu wote ni wa kujitolea, studio ni chumba kimoja tumetundika mazulia ukutani kuzuia mwangwi, na feni twaizima tukiwa laivu manake yapiga kelele kwa hiyo mtu watoka mle umeloa jasho. Nikasoma habari vile ilivyoandikwa, kwamba wakaazi wa Owino Uhuru wameshinda, korti imewarudishia fidia yao ya shilingi bilioni 1.3, watoto walikutwa na sumu ya risasi kwenye damu. Nikafungua simu. Mtu wa kwanza kupiga akauliza kwa heshima zote, "Samahani mtangazaji, hao watoto walipigwa risasi na nani? Ni polisi?"

Hilo swali ndio limenifanya niandike kisa hiki chote. Mimi nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nina karatasi za kesi, nina mhudumu wa afya studio, nina tarehe zote kichwani, na neno langu la kwanza kabisa ndio lililompoteza msikilizaji. Alisikia sawa kabisa vile Kiswahili kinavyosema, yaani kosa halikuwa lake. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki na risasi ni yale madini mazito ya kijivu, neno ni moja, na katika nchi ambayo watu wamezoea kusikia habari za vijana kupigwa risasi, sikio lachukua ile ya bunduki kwanza.

Kwa asiyekijua kisa chenyewe ntakieleza, tena polepole, manake wengi hukisikia kwa vipande.

Owino Uhuru ni kijiji kule Mikindani, upande wa Jomvu, Mombasa, watu kama 3,000 hivi, nyumba zimebanana, kuta za udongo na paa za mabati. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, Kenya Metal Refineries EPZ, kilianza kazi ukuta kwa ukuta na kijiji. Betri ya gari ndani yake ni risasi na tindikali, ukiivunja ukayeyusha wapata madini ya kuuza tena, na biashara yenyewe si haramu, ulimwengu mzima yafanywa na bila hiyo zile betri zingetupwa tu ovyo. Lakini yataka mitambo ya kuchuja moshi, yataka maji machafu yasitoke nje, na zaidi ya yote yataka iwe mbali na mahali watu wanapolala. Pale moshi ulikuwa unashuka kwenye mabati ya watu, mvua ikinyesha ndio maji ya paa hayo hayo wanayokinga kwenye ndoo, maji ya kiwandani yanapita mle mle watoto wanamochezea, na wanaume waliopata kibarua ndani walirudi jioni na vumbi kwenye nguo, sasa mtoto akimuona babake hukimbia kumrukia, wewe utamwambiaje asimguse.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale kiwandani, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti ikaonyesha kwamba kiwanda chahatarisha majirani na hakifai kuwa pale kilipo. Akatolewa kwenye hiyo kazi. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, homa haishuki, anaharisha, wakapima malaria wakapima taifodi hawaoni kitu, mpaka alipopimwa risasi ndio ikapatikana. Mtoto hakuwa amekanyaga kiwanda hata siku moja, alikuwa ananyonya. Ilipita kwenye maziwa ya mama. Akaacha kazi, akachukua watoto watatu wa pale kijijini bila kuchagua akawapimisha, nao wakakutwa nayo. Hapo ndio mapambano yakaanza, maandamano, akakamatwa 2012 akashtakiwa uchochezi na korti ikamuachilia, akavamiwa na watu wenye silaha karibu na nyumba yake, akaendelea. Shirika lake ni Center for Justice, Governance and Environmental Action. Kiwanda kikafungwa moja kwa moja 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman na 2023 Right Livelihood, lakini hizo ntazipita upesi kwa sababu redioni nimeona ukianza na tuzo watu hudhani ni stori ya mtu mmoja shujaa, na wao wenyewe wanajitoa ndani yake.

Kesi ilipelekwa 2016 kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo akaamua kwa upande wa wakaazi, bilioni 1.3 za fidia kwa madhara na vifo, na udongo usafishwe, usiposafishwa katika miezi minne zitolewe milioni 700 za kuusafisha. Waliolaumiwa hawakuwa kiwanda peke yake. Serikali ilikuwemo, na mzigo mkubwa zaidi uliangukia NEMA, yaani wale wale waliopewa kazi ya kulinda mazingira. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia ikataka ikahesabiwe upya, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ndio ikairudisha. Hesabu mwenyewe, toka kiwanda kuanza mpaka ile Ijumaa ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikiwashwa sasa anyoa ndevu.

Sasa turudi studio.

Yule wa kwanza nilimjibu vibaya. Nikamwambia si risasi za bunduki ni metali nzito. Akasema aa haya, akakata, na mimi nikajua hajaelewa manake metali nzito hata mimi mtaani sijawahi kusikia mtu akiitaja. Mhudumu wa afya akajaribu, akasema ni madini yaliyo kwenye betri. Hapo ikakaribia kidogo. Halafu akapiga mzee mmoja, sauti yake waisikia tu wajua huyu ni mtu wa bahari.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hebu niulize, hiyo risasi muisemayo ndio hii tutiliayo chubwi?"

Chubwi, kwa wasiojua, ni kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame. Nikamtazama mhudumu wa afya akanitikisia kichwa.

"Ndiyo hiyo hiyo ami."

Akanyamaza. Kimya cha redio cha sekunde tatu nne ni kirefu sana, prodyusa alikuwa ashaanza kuninyooshea mkono nisukume mbele, nikamzuia.

"Mimi huyeyusha mwenyewe," akasema. "Natoa kwenye betri mbovu, natia kwenye kopo la maziwa, naweka juu ya makaa, ikiwa maji namimina kwenye mchanga nilioufinyia shimo."

"Wayeyushia wapi ami?"

"Hapa uani, penye jiko la mamako."

"Na wajukuu huwa wapi saa hizo?"

"Hapa hapa. Wao ndio wapepeao moto."

Nimekuwa kwenye redio miaka kadhaa na sikumbuki simu nyingine iliyonipiga vile. Manake mpaka dakika hiyo kipindi kilikuwa kinazungumzia wao, watu wa Mikindani, kiwanda, korti ya Nairobi, mabilioni. Kwa swali moja la neno moja mzee aliivuta sumu yote akaileta uani kwake. Na baada yake simu hazikukatika, fundi wa betri akapiga, mama anayeuza vyuma chakavu akatuma voisi noti, kijana akauliza betri ya sola iliyovimba aiweke wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tena kama ni polisi.

Ukiniuliza mimi, somo zima la kipindi lilikuwa pale. Sisi watu wa redio twapenda kusema tunaelimisha jamii, na lile neno jamii inalo tayari, tena bora kuliko letu, ila hatuliulizi. Chubwi liko kwenye Kiswahili siku nyingi kabla ya kiwanda chochote. Mvuvi anajua risasi ikoje mkononi, anajua inalainika upesi kwenye moto mdogo, anajua inaacha weusi kwenye vidole. Kitu ambacho hakuwa ameambiwa ni kwamba ule weusi ndio wenyewe. Tangu siku hiyo kabla ya kipindi mimi hupiga simu kwa watu wawili watatu wa kazi yenyewe, mvuvi, fundi, mama wa shamba, namuuliza hiki kitu nyinyi mwakiitaje, na ndio neno ninaloingia nalo hewani.

Mhudumu wa afya alichukua maiki akaeleza vizuri sana na ntayaandika hapa manake ni ya kumsaidia mtu. Risasi huudanganya mwili. Mwili huiona kama kalisiamu, ile ya kujenga mifupa, kwa hiyo huipokea na kuiweka mfupani, na hukaa humo miaka. Mwanamke akishika mimba mifupa hutoa kalisiamu impe mtoto, na risasi hutoka nayo, ndio unakuta mama aliyehama kijiji zamani bado anampa mtoto wake sumu ya kijiji. Mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano ya mtu mzima kwa kile kile walichokula, na inapogonga ni kwenye ubongo, kujifunza, utulivu, kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Haina rangi kwenye chakula wala haina harufu, mtoto hapigi kelele, anakuwa tu mzito darasani na mwalimu anasema huyu mvivu.

Akamwambia yule mzee, bila kumkaripia hata kidogo, ami afadhali uiache kabisa hiyo kazi ya kuyeyusha, lakini ikiwa huna budi iwe mbali na nyumba na watoto wasikaribie, kopo hilo lisirudi jikoni kwa lolote, oga na ubadilishe nguo kabla hujamshika mjukuu, na nyumba msifagie kavu, pigeni deki kwa kitambaa chenye maji manake ufagio wainua vumbi likaingia puani. Watoto waoshwe mikono kabla ya kula, na wapewe vyenye kalisiamu na chuma, dagaa, maziwa, maharagwe, mchicha, kwa sababu mwili ulioshiba hivyo vitu haushiki risasi kwa pupa. Mzee akauliza kipimo kiko wapi. Hapo ndio tukakwama. Kesho yake nilizunguka mimi mwenyewe, hospitali moja ya karibu wakaniambia hicho kipimo hapa hatuna, nyingine wakanitajia bei ambayo mvuvi hawezi. Nilirudi hewani wiki iliyofuata nikalisema hilo kama lilivyo. Wale wanawake wa Owino Uhuru walipitia ukuta huo huo, kitu kinamuumiza mtoto wako na karatasi ya kukithibitisha huipati.

Na karatasi ndio iliyowafikisha. Hili nalisisitiza kila nikialikwa kuongea na vijana wa redio. Kulikuwa na wataalamu waliopima damu za watoto baada ya kiwanda kufungwa, wakalinganisha Owino Uhuru na mtaa wa Bangladesh ambao uko huko huko upande wa Jomvu na hali ya maisha ni kama hiyo. Owino Uhuru wastani ulitoka mikrogramu 7.4 kwa desilita moja ya damu, Bangladesh 3.7. Hizo namba redioni ukizisoma hivyo zinapeperuka, mtu anakaanga samaki huku watoto wanalia yeye mikrogramu ataiweka wapi. Nilisema hivi, chukua watoto wa mitaa miwili ya hali moja, mmoja amekaa na kiwanda mmoja hajakaa nacho, aliyekaa nacho ana sumu mara mbili ya mwenzake. Kisha nikaongeza kwamba hata huyo mwenzake si mzima, manake salama yake ni sufuri. Hii ya pili watu wengi wanaoelezea kisa hiki huiruka na naona ni makosa, yamfanya msikilizaji wa mtaa mwingine ajione amenusurika.

Kuna jambo lingine kwenye kesi hii ambalo lilinibadilisha kazi. Ukiitafuta hukumu utaikuta kwa jina la KM na wenzake tisa dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine saba. KM ni nani? Ni mtoto. Mlalamishi wa kwanza kabisa katika kesi kubwa hivi ni mtoto, ameshtaki kupitia kwa mamake, na korti imewapa wote wawili herufi tu, mtoto KM na mama SKS. Majaji wenye nguvu zote waliona si sawa jina la mtoto mgonjwa liandikwe mahali litakaposomwa milele.

Mimi huko nyuma, kwenye kipindi kingine kabisa kuhusu jaa la taka, niliwahi kumuuliza mama mmoja laivu, mtoto wako aitwa nani na yuasoma wapi, nikidhani namfanya msikilizaji aguswe. Mama alijibu manake maiki iko mdomoni, ataachaje. Wiki mbili baadaye akaja studio na mtoto kwa mkono, akasema wenzake shuleni wamuita Taka. Hakunigombeza. Alitaka tu nijue. Nilimuomba msamaha yeye na mtoto, na siku ile ndio tukaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kioo cha studio: jina la mtoto halisemwi, shule haisemwi, mtaa wa nyumba hausemwi. Niliposoma ile hukumu na hizo herufi mbili nikaenda nikaandika KM chini yake. Wageni wakiuliza hiyo KM ni nini, nawaeleza.

Sheria nayo twapaswa kuiongelea kwa lugha ya kutumika. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Watu washakisikia hicho. Wasichokisikia ni cha 70, kwamba ukienda kortini kwa ajili ya mazingira si lazima uonyeshe kuna mtu ashapata hasara au ashaumia. Yaani si lazima mtoto augue kwanza. Nilipokisoma hewani kuna mama alituma meseji, "Rudia hapo pole pole naandika." Nikarudia mara tatu. Tena kuna sheria ya kupata habari ya 2016, ukiandika kwa ofisi ya umma kutaka ripoti wana siku 21 kukujibu, na kama jambo lahusu uhai wa mtu ni saa 48. Kwa hiyo ripoti ya athari za mazingira ya ule mradi unaojengwa nyuma ya nyumba yako waweza kuiomba. Barua tu, kwa Kiswahili, ukabaki na kopi iliyopigwa muhuri.

Halafu kuna hii ambayo yaniuma. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka mradi mkubwa ukitaka lisensi utangazwe, kwenye gazeti na pia kwenye redio, ili watu watoe maoni. Vizuri. Lakini redio inayotajwa pale ni ile inayosikika nchi nzima. Sasa bibi wa kijijini ambaye moshi utamuingia yeye, redio yake iko hapa kwetu, anatusikiza sisi kwa sababu twaongea kama yeye, na hilo tangazo litapita kwingine kabisa asilisikie. Sheria inatosheka, bibi hajui kitu. Sisi tuliamua tusingoje kuletewa. Kila wiki kijana wetu mmoja anapekua magazeti na gazeti rasmi la serikali, akipata ilani ya mradi wa huku kwetu anaifupisha, ni mradi gani, uko wapi hasa, ukuta wake uko umbali gani na nyumba za watu, mwisho wa kutoa maoni lini na barua inapelekwa wapi. Tunaisoma Jumamosi na kuirudia Jumatano asubuhi. Ni dakika nne tu, naamini ndio dakika zenye maana kuliko zote tunazorusha. Kule Uyombo, Kilifi, watu walipoanza kuuliza maswali kuhusu mpango wa kituo cha nyuklia, maswali yao mengi yalikuwa ya aina hiyo hiyo, nani aliambiwa, lini, kwa lugha gani.

Mazungumzo kama haya yana gharama na sitaificha. Baada ya vipindi viwili vya mambo ya betri na vyuma chakavu, biashara moja iliyokuwa inatusaidia kulipa stima ilituambia kwa upole kwamba mwezi ujao hawataweza. Hawakusema sababu na mimi sitawasemea. Tukapunguza saa za usiku kwa muda. Kenya hii redio ya kwanza ya jamii, ile ya Homa Bay, ilianzishwa 1982 na miaka miwili baadaye serikali ikaifunga, kwa hiyo kuzimwa si kitu kigeni kwetu, ila siku hizi mara nyingi hakuna anayekuja na kufuli, ni bili tu inakuja na wa kuilipa hayupo. Kilichotuokoa ni vikundi vya wasikilizaji, akina mama wa chama kimoja walichanga, kikundi cha wavuvi wakachanga, kidogo kidogo, na kila mchango tuliusoma hewani pamoja na kiasi chake mpaka ile hamsini.

Na kuna tahadhari upande wetu pia. Watu wenye hasira hupiga simu wakataja kampuni, wakamtaja mtu, wakasema huyu ndiye anatuua. Mimi hukata hapo, sio kwa uoga. Owino Uhuru walishinda kwa damu iliyopimwa, udongo uliopimwa, barua zilizoandikwa na majibu yaliyohifadhiwa, na mtangazaji akiruhusu tuhuma isiyo na kitu nyuma yake anampa yule anayeshtakiwa silaha. Namwambia aliyepiga, hebu niambie umeona nini, siku gani, maji yalikuwa ya rangi gani, yalitokea upande gani, una picha? Mara nyingi anatulia, anaanza kueleza, na maelezo yake yakawa mazito kuliko ile hasira.

Kitu kinachonikera kwenye habari nyingi za Owino Uhuru ni kwamba zinaisha na ile bilioni 1.3. Ushindi, makofi, muziki wa kufungia. Toka hukumu ya 2020 mpaka ile ya 2024 ni zaidi ya miaka minne, na risasi haiozi. Sio kama kinyesi au mafuta ya kula ambayo mvua na jua vitayamaliza. Iliyoanguka kwenye udongo hukaa kwenye udongo mpaka mtu aje na beleshi aubebe au aufunike sawasawa, na wakati mawakili wanabishana kuhusu hesabu kuna mtoto alizaliwa pale, akatambaa pale, akaanza kutia mchanga mdomoni kama watoto wote. Tulikubaliana studio kwamba kila miezi mitatu tarehe 6 tutauliza hewani maswali mawili, pesa imefika kwa nani na udongo umesafishwa wapi, hata kama jibu ni lile lile, hata kama wasikilizaji wamechoka nalo. Prodyusa aliuliza tukiendelea hivyo mpaka lini. Nikamwambia wao walingoja miaka 17.

Yule mzee wa chubwi alitutumia voisi noti mwezi wa pili, wiki ya Siku ya Redio Duniani, wala hakuwa anajua ni siku ya redio. Nyuma yake wasikia upepo na kuku. Akasema ile risasi aliyokuwa amebakisha ameifunga kwenye gunia, hajui atampa nani, na akauliza kama kuna mahali pa kuipeleka manake kuitupa baharini roho yake imekataa. Chubwi sasa anafunga jiwe lenye tundu alilokuwa anafunga babake. Lateleza kidogo, akasema, mpaka ulifunge mara mbili.